Silvano Shekigenda na Majina Matatu ya Wimbo wa Kivuko

Wasifu huu unasomwa na Nikodemo Shekigenda, mdogo wa marehemu, katika maziko yaliyofanyika Gare, Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1978.

Wazee wetu, mapadre na masista, walimu wenzake, majirani wa Gare na wageni mliopanda milima tangu alfajiri, Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zetu Waislamu mliotoka Vuga, asalaam aleikum. Haya mtakayoyasikia aliyaagiza marehemu mwenyewe. Kwa wiki tatu alizolazwa hospitali ya Bumbuli alikuwa akisimulia, na binti yake Jenoveva akiandika. Jenoveva alimwuliza kama kweli anataka yote yasomwe mbele ya watu, maana mengine si ya kumsifu. Alijibu, "Mwanangu, maisha yangu yote nimekata maneno ya watu wengine. Yangu msiyakate." Jana ukoo ulikaa, ukabishana, na mwisho mjane wake akasema yasomwe.

Mwalimu Silvano alizaliwa hapa Gare tarehe 3 Februari 1924, siku ya Jumapili, mtoto wa tatu wa Mzee Sefania Shekigenda, katekista na mkulima wa kahawa, na mama yetu Secilia. Alikuwa mtoto mwepesi wa kushika maneno na mzito wa kugawana kitu. Mdogo wake Nikodemo, yaani mimi ninayesoma, alipozaliwa, Silvano akiwa na miaka minne, alimbeba yule mtoto mchanga hadi nyumba ya tatu akamkabidhi jirani, akasema, "Mama amesema mkae naye tu, hatumhitaji tena." Mama alisimulia kisa hicho kila Krismasi, na watu walicheka kila mara, isipokuwa Silvano. Mama alimaliza kwa maneno yale yale: "Huyu wangu ana moyo mzuri, ila una mlango mmoja, na yeye ndiye anayeusimamia."

Alisoma shule ya misheni ya Gare kuanzia mwaka 1932, kisha akapelekwa bweni kwenye shule ya kati, na mwaka 1945 akahitimu ualimu katika chuo cha misheni. Huko bwenini, wenzake walipokuwa wakicheza mpira, yeye aliandika nyuma ya daftari la katekisimu nyimbo alizozisikia kwa bibi yake wakati wa kupura maharage. Padre mmoja aliliona lile daftari akamwambia, "Haya ni mali. Yaandike yote." Silvano alilichukua neno hilo kama agizo la Kanisa. Alifundisha Gare, kisha Kwai, kisha Mlalo, akarudi Gare kuwa mwalimu mkuu mwaka 1957. Wanafunzi wake, na wengi mko hapa, mnajua alivyokuwa: nadhifu, mkali wa nukta na mkato, na asiyesahau jina la mtu.

Tarehe 15 Septemba 1951 alifunga ndoa na Efrazia katika kanisa hili hili. Mungu aliwajalia watoto watano, mmoja akamchukua akiwa mdogo. Nyumba yao ilikuwa ya upendo, ingawa Efrazia anasema kwamba tangu mwaka 1958 alianza kuishi na mke mwenza aliyekuja kwa bahasha.

Mke mwenza huyo ndiye habari yenyewe. Kuna wimbo mrefu wa kale wa Kishambaa, wa enzi za wafalme wa Vuga, uitwao Wimbo wa Kivuko. Unasimulia habari za binti mmoja, ambaye jina lake halitajwi, aliyeshuka milima peke yake kumfuata mchumba wake aliyechukuliwa na msafara, akavuka mto, akamkuta, akarudi naye. Kila kijiji kilikuwa na vipande vyake na hakuna aliyeuweka wote pamoja. Mwalimu alikuwa na beti mia moja na kumi na mbili, akijiona ndiye mwenye wimbo. Kisha akasikia kwamba Vuga yupo fundi cherehani aitwaye Bakari Sheiza, mlemavu wa mguu, aliyesoma chuo cha Kurani na madarasa manne tu, ambaye naye anauandika wimbo huo huo na ana beti zaidi ya mia moja na themanini.

Mwalimu hakulala vizuri wiki nzima. Hatimaye akamwandikia. Fundi Bakari akajibu kwa mwandiko uliomtia Mwalimu kijiba cha roho hata kabla hajasoma neno, maana ulikuwa mzuri kuliko wake. Tangu hapo barua zilikwenda na kurudi kwa miaka kumi na miwili. Zilipita mikononi mwa watu wa soko: za Gare ziliachwa dukani kwa Ramadhani pale Soni siku ya soko, na za Vuga zilichukuliwa hapo hapo. Ubishi wao ulikuwa mmoja. Mwalimu aliamini kwamba mhariri ni wa kusafisha: akikuta neno jipya katika wimbo wa kale, kama bunduki au rupia, alifute, akikuta jambo lisiloeleweka, alinyooshe. Bakari aliamini kila mwimbaji aandikwe kama alivyoimba, na jina lake, na kijiji chake, na siku yenyewe. Katika barua moja ya mwaka 1960 aliandika: "Mwalimu, mimi kupunguza nguo ndiyo kazi yangu. Kitambaa ukishakikata hakirudi. Kwanza mpime mwenye nguo."

Aliyekuwa na nguo yenyewe ni Bi Mwajuma binti Shabani wa Vuga. Yeye peke yake, kwa walivyodhani, ndiye aliyejua sehemu ya katikati, binti anapovuka mto. Mwalimu alikwenda kumsikiliza mwaka 1959. Akapokewa vizuri, akapewa kiti, Bi Mwajuma akaanza kuimba. Alipofika mahali pasemapo, "Nimevuka mto wa mchanga, nyayo zangu zikabaki nyuma zikiniita," Mwalimu akainua kalamu.

"Samahani, mama. Hapo umekosea. Mto ni wa maji."

Bi Mwajuma akakatiza wimbo. Akamtazama, akavuta kanga yake begani.

"Kumbe unaujua," akasema. "Basi imba wewe, mwanangu. Mimi nitasikiliza."

Hakumwimbia tena mpaka alipoondoka duniani. Sehemu ile ya kivuko, beti sitini na nne, aliipokea Bakari peke yake, na Mwalimu akaisoma tu katika barua, kipande kwa kipande, kama mtu anayenusa pilau la nyumba ya jirani.

Hapa Efrazia ameruhusu kisa chake kisomwe. Bahasha zile ziliandikwa nyuma "B. Sh., Vuga," kwa wino wa zambarau na herufi za madaha. Mumewe alizisoma kabla ya kumsalimu, akatabasamu, akanuna, akaenda nazo kitandani. Barua nyingi zilikuwa za Kishambaa, na Efrazia, aliyelelewa Tanga mjini, hakuweza kukisoma vizuri wakati ule. Mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, alisema anakwenda kumwona shangazi yake, akapanda basi hadi Soni, na kutoka hapo akapanda kwa miguu hadi Vuga kumtafuta huyo B. Sh. amtie adabu. Alikuta mwanamume mwembamba, mguu mmoja umelazwa juu ya kigoda, anashona sare za shule.

"Namtafuta mwanamke anayemwandikia Mwalimu Silvano," akasema.

"Mwanamke huyo ni mimi," akajibu Bakari. "Karibu ukae, shemeji. Umetembea sana kwa hasira."

Alimlisha, akampima, akamshonea gauni siku ile ile. Jioni akampeleka kwa Bi Mwajuma. Efrazia alimwamkia, "Shikamoo, bibi," akakaa chini, hakuwa na kalamu wala daftari. Bi Mwajuma akamwimbia kivuko chote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Efrazia alirudi Gare akicheka, akamweleza mumewe kila kitu akidhani naye atacheka. Mwalimu hakuuliza habari za gauni. Aliuliza, "Amekuimbia yote?" Aliposikia ndiyo, akatoka nje akaanza kupalilia migomba. Jenoveva aliandika maneno ya baba yake kuhusu siku hiyo kama alivyoyasema hospitali: "Mama yako alishuku mwanamke ambaye hakuwapo, na wivu wake ukaisha kwa kicheko. Wangu ndiyo kwanza ulianza."

Mwaka 1967 ofisi moja ya kukusanya fasihi, Dar es Salaam, iliwaandikia wote wawili ikiomba mswada mmoja. Taifa lilikuwa changa, na watoto wa shule walitakiwa kusoma ya kwao. Wakakubaliana: Kishambaa upande wa kushoto, Kiswahili upande wa kulia, majina mawili kwenye jalada. Taipureta ilikuwa moja tu, ya parokia, kwa hiyo kazi ya kupiga chapa ikawa ya Mwalimu. Alipiga kwa miezi minane. Mwezi Juni 1969 likaja jibu, na kwa kuwa anwani ilikuwa yake, alilifungua yeye. Barua ilisema mswada umekubaliwa, wapeleke nakala safi ya mwisho. Kisha ikaongeza mstari mmoja: "Tumependezwa hasa na sehemu ya kivuko iliyokusanywa na Ndugu Bakari Sheiza, ambayo ndiyo roho ya kazi hii."

Mwalimu alisoma mstari huo mara nyingi. Alikuwa na beti zake mia moja na kumi na mbili, miaka ishirini ya kutembea milimani, kidole chenye sugu ya kalamu. Na roho ya kazi ilikuwa ya fundi cherehani. Aliitia ile barua katika mkebe wa biskuti, chini ya vyeti vya ubatizo vya watoto. Alipopiga nakala ya mwisho aliacha jina moja kwenye jalada. Palipoandikwa "mto wa mchanga" akaandika "mto wa maji." Beti za Bakari alizitia zote, kwa sababu bila hizo wimbo ungekufa, lakini katika utangulizi akasema tu kwamba zilipatikana "kwa wenyeji wa Vuga."

Kijitabu kilitoka mwaka 1970, nakala mia sita, zikagawiwa shuleni. Mbaraka, mwalimu wa shule ya Vuga, alikimbilia kwa Bakari na nakala moja akidhani anampelekea habari njema. Anasema Bakari alikisoma chote amesimama, ameegemea cherehani. Akakifunga.

"Kimechapwa vizuri," akasema, na akaendelea kushona.

Wiki mbili baadaye barua ilifika dukani kwa Ramadhani. Ilikuwa orodha ya makosa ya chapa, kumi na moja, kwa ukurasa na mstari. Ukurasa wa tisa, herufi moja imeruka. Ukurasa wa kumi na nne, mstari wa tatu, si maji, ni mchanga. Hakukuwa na lawama hata neno moja. Ila barua zote za nyuma zilimalizika kwa salamu kwa shemeji, na hii haikuwa na salamu.

Efrazia aliona. Siku hizo alikwishajifunza kusoma Kishambaa kwa ajili ya barua hizo.

"Mbona Fundi hajanisalimu?"

"Labda alikuwa na kazi nyingi."

Efrazia akachukua kijitabu mezani, akatazama jalada, akafungua ukurasa wa kwanza, akarudi kwenye jalada.

"Baba Jenoveva," akasema, "jina lingine liko wapi?"

Efrazia hakugomba. Alipika, akapakua, akakaa chumba kingine. Kwa miaka mitatu nyumba ile ilikuwa na adabu tupu. Mwalimu alijitetea moyoni kwamba yeye ndiye aliyepiga chapa, yeye ndiye aliyesoma, yeye ndiye aliyejulikana. Watu walimpongeza barabarani, na kila pongezi ilimchoma, kwa kuwa alijua wanalisifu sikio la mtu mwingine. Hata hivyo hakuacha kumwonea wivu mtu ambaye yeye mwenyewe alimnyang'anya. Alisema hospitali kwamba hilo ndilo jambo alilolishangaa kuliko yote: "Nilidhani nikishachukua vyake nitatulia. Nikakuta bado anavyo." Bi Mwajuma alipofariki mwaka 1972, Mwalimu alipata habari mapema kiasi cha kumwezesha kufika mazikoni. Hakwenda.

Januari 1973 alihamishiwa shule ya kijiji kipya cha ujamaa kule tambarare, upande wa Mto Umba. Alikwenda peke yake. Efrazia alibaki Gare na watoto. Joto lilimsumbua na alilalamika sana. Mwezi Septemba, kiangazi kikiwa kikali, aliwachukua wanafunzi kwenda kuchimba visima vidogo na wanakijiji. Aliposhuka ukingoni aliuona mto. Ulikuwa mchanga mtupu, mpana, mweupe, toka ukingo hadi ukingo, na wanawake wamepiga magoti katikati yake wakichota maji kwenye mashimo. Nyuma yao palikuwa na alama za nyayo kutoka upande wa milima. Mmoja wao alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, na maneno yalikuwa ya Bi Mwajuma.

Mwalimu alikaa chini pale pale na suruali yake ya kazi. Wanafunzi walidhani jua limempiga. Aliyemsahihisha bibi yule alikuwa mtu wa milimani aliyedhani mito yote ni kama ya kwao. Binti wa wimbo alivuka wakati wa kiangazi, akavuka mchanga, na nyayo zake zikabaki. Wimbo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwa mhariri.

Likizo ya Desemba hakupitia nyumbani. Alishuka Soni na mkebe wake wa biskuti, aliouchukua alipohamishwa, mkononi, akapanda hadi Vuga. Bakari alikuwa kazini.

"Onga mshi, Fundi."

Bakari aliitikia salamu hiyo ya Kishambaa, hakuinua kichwa. Mwalimu akaweka ile barua ya mwaka 1969 juu ya meza ya cherehani. Bakari akaisoma polepole.

"Umekaa nayo miaka minne," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

"Wivu wa nini, Mwalimu? Tazama. Mguu mmoja, cherehani moja, na hiyo inavuja mafuta."

"Wa sikio lako. Wa kwamba yule bibi alikuimbia. Hata mke wangu aliimbiwa. Mimi nilikuwa na kalamu na nikanyimwa."

Bakari aliikunja ile barua. Kisha akasema jambo ambalo Mwalimu hakulitegemea. "Nami nilikuonea wivu wa taipureta. Nilipoona mswada wako wa kwanza, herufi zimesimama kama askari, nilikaa siku mbili sikushika sindano. Lakini sikuiiba."

"Nifanye nini?"

"Vijitabu viko mia sita, na vyote viko shuleni. Unayo kalamu. Nenda ukaandike."

"Nitaandika jina lako kwenye kila kimoja."

"La," akasema Bakari. "Utaandika majina mawili, na la kwanza si langu. Tulipokubaliana mimi na wewe majina mawili ya jalada, tulikuwa tumekwisha kumkata yule bibi, na mimi nilikuwemo katika kukata. Andika Mwajuma binti Shabani, aliyeimba. Halafu niweke mimi. Wewe umekwisha chapwa, baki hapo hapo ulipo."

Hawakukumbatiana. Bakari alimpa chai, akampa salamu za kumpelekea shemeji, na Mwalimu akazifikisha Gare kesho yake jioni. Efrazia alizipokea, akahamisha mto wake kurudi chumba cha mumewe.

Tangu likizo ile hadi alipougua, Mwalimu alitumia kila likizo kwenda shule moja baada ya nyingine, Mtae, Mlola, Malindi, Bumbuli, Mgwashi, kwa basi na kwa miguu. Aliomba vijitabu, akakaa ofisini kwa mwalimu mkuu, akaandika kwenye kila jalada majina mawili, na kwenye ukurasa wa kumi na nne akafuta maji akaandika mchanga. Walimu vijana walimwuliza sababu, naye aliwaeleza bila kupunguza. Wengine walimcheka. Aliporudi usiku, viatu vimeisha soli, Efrazia alikuwa akimwuliza tu, "Ngapi?" Alifikia mia nne na kumi na mbili.

Mwaka jana alianza kukonda. Mwezi Septemba 1978 alilazwa Hospitali ya Bumbuli, madaktari wakasema ni ini. Aliuguzwa vizuri na familia inawashukuru wauguzi wote. Fundi Bakari alifika mara mbili, akibebwa kwenye gari la mboga. Wagonjwa wa jirani wanasema wazee wale walibishana juu ya ubeti wa arobaini mpaka muuguzi akawaomba wapunguze sauti. Siku ya pili Bakari alipoondoka, Mwalimu alimtazama kupitia dirishani akichechemea hadi garini. Akamwambia Jenoveva, "Bado namwonea wivu. Andika na hilo. Ila sasa nikimwonea nafurahi kwamba yupo." Alifariki Jumatano tarehe 11 Oktoba 1978, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amepokea sakramenti, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Mwalimu Silvano ameacha mjane, Efrazia, watoto wanne, Jenoveva, Sefania, Secilia na Esta, wajukuu saba, na mdogo wake Nikodemo, ambaye amemsamehe kwa kutolewa bure kwa jirani. Ameacha pia Bakari Sheiza wa Vuga. Ukoo ulipomwuliza jana aandikwe kama nani, kama rafiki au kama ndugu, Fundi alifikiri kidogo, akasema, "Niandikeni mhariri mwenzake. Ndilo alilokuwa akinikatalia."

Basi na liandikwe hivyo. Ee Mungu, mpokee mtumishi wako Silvano kama alivyo, bila kufuta neno, na umjalie apumzike kwa amani.